Ushahidi wa Panya: Mafua ya Ndege Yanapojaribiwa Maabara

Mwishoni mwa Machi 2024, mfanyakazi wa shamba la ng'ombe wa maziwa katika jimbo la Texas, Marekani, alikwenda kutibiwa macho. Yalikuwa mekundu, yanauma. Hakuwa na homa wala shida ya kupumua, na mapafu yake yalisikika safi. Vipimo vilionyesha H5N1, kirusi cha mafua ya ndege. Alipewa vidonge vya oseltamivir, akaambiwa ajitenge nyumbani, naye akapona.

Kirusi kilichotolewa kwake kilipelekwa maabara. Huko waliambukizwa fereti, wanyama warefu wembamba wa ukoo mmoja na kicheche, na wote wakafa. Waliambukizwa panya, nao wakafa, hata waliopewa kiasi kidogo mno. Kirusi ni kilekile: mtu kapata macho mekundu, wanyama wameteketea. Magazeti yaliandika kwamba kirusi cha Texas ni muuaji. Wengine wakajibu kuwa majaribio ya panya hayana maana yoyote kwa binadamu. Naona pande zote mbili zilimsikiliza panya vibaya, na kosa hilo linarudi kila mlipuko mpya unapotangazwa. Panya wa maabara ni shahidi mzuri wa kulinganisha: kirusi hiki na kile, dawa hii na ile. Akigeuzwa mtabiri wa nani atakufa na ugonjwa utaenea wapi, anabebeshwa mzigo usio wake.

Tuelewane kwanza ni panya gani. Kiswahili kimewafungia wakubwa na wadogo katika jina moja. Panya buku wa Morogoro, wale wanaofunzwa na APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu, hawahusiki hapa. Wa maabara ya mafua ni yule mdogo, Mus musculus, mwenye uzito wa gramu 20 hivi. Anayetumika zaidi ni mweupe wa ukoo wa BALB/c, au mweusi wa C57BL/6. Koo hizi zimezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi mpaka panya wa ukoo mmoja wanafanana kama mapacha. Mtafiti anapenda hivyo, kwa sababu matokeo yakitofautiana anajua tofauti haikutoka kwa panya. Faida hiyo ina gharama, na tutaifikia.

Panya hakuwa chaguo la kwanza. Mwaka 1933 jijini London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji aliyosukutulia koo mgonjwa wa mafua, wakayadondosha puani mwa fereti. Fereti wakaugua. Baadaye fereti mmoja mgonjwa akampigia Smith chafya usoni, naye akashikwa na mafua. Kirusi kilichotolewa kooni mwake kikapewa herufi za jina lake, WS, na mpaka leo kimo katika majokofu ya maabara nyingi duniani. Lakini fereti ni ghali, anang'ata, na anataka nafasi. Mwaka 1934 ilionekana kwamba panya naye huambukizwa, na mwaka huohuo Thomas Francis wa Marekani akapata kirusi kutoka Puerto Rico kinachoitwa PR8, ambacho kimewaua panya wengi sana katika historia ya utafiti huu.

Palikuwa na sharti moja. Mafua ya binadamu hayamkamati panya kirahisi. Kirusi hulazimika kuzoeshwa, kikihamishwa kutoka mapafu ya panya mmoja hadi ya mwingine mpaka kiwe kikali. Na kirusi kilichozoea panya si kile tena kilichotoka kwa mgonjwa. Kimejifunza nyumba mpya. Kwa miaka zaidi ya 60 wataalamu walilichukulia sharti hilo kama sheria ya maumbile: kwanza kizoeshe, kisha kijaribu.

Hong Kong ndiyo iliyoivunja sheria hiyo. Mei 1997 mtoto wa miaka 3 alikufa huko, na uchunguzi ukaonyesha kirusi cha H5N1 ambacho hakikuwahi kujulikana kumwambukiza mtu. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa wameambukizwa watu 18, na 6 kati yao wakafa. Serikali ikaamuru kuku wote wa Hong Kong wauawe, karibu milioni 1.5. Panya walipodondoshewa virusi hivyo, havikuhitaji kuzoeshwa. Viliingia mapafuni siku ya kwanza, na vingine vikafika mpaka kwenye ubongo. Kwa waliokuwa wakifanya kazi hiyo, hili lilikuwa jambo la kutisha kweli: kirusi cha kuku kilikuwa kimefika kwa mnyama anayenyonyesha kikiwa tayari kimejiandaa.

Kati ya virusi vya Hong Kong viwili vikawa maarufu, kimoja chenye namba 483 na kingine 486. Cha kwanza kilitoka kwa mgonjwa aliyekufa, cha pili kwa aliyeugua kidogo. Kwa panya ikawa hivyohivyo: 483 kiliua, 486 hakikuua. Mwaka 2001 Masato Hatta, Yoshihiro Kawaoka na wenzao walionyesha katika jarida la Science kwamba tofauti hiyo ilitegemea sana badiliko dogo moja katika protini ya PB2, sehemu ya mtambo ambao kirusi hutumia kujinakili. Mwili wa ndege una joto la nyuzi 41 hivi, na njia ya hewa ya mnyama anayenyonyesha ni baridi zaidi. Badiliko hilo humwezesha mgeni kufanya kazi katika baridi hiyo na ndani ya chembe asizozizoea. Hapa panya alitoa ushahidi wa kiwango cha juu kabisa. Aliulizwa swali finyu, kwa nini hiki kinaua na kile hakiui, naye akaonyesha kwa kidole mahali penyewe.

Halafu watu wakazidisha. Alama hiyo ya PB2 ikageuzwa king'ora: ikionekana katika kirusi chochote, maandalizi ya janga yaanze. Mwaka 2005 ndege wa porini walikufa kwa maelfu katika Ziwa Qinghai, China, na kirusi chao kilikuwa nayo. Kizazi chake kilisambaa mpaka Ulaya, na mwaka 2006 kikafika Nigeria na Misri. Kiliua kuku wengi na baadhi ya watu. Janga la dunia halikutokea. Alama iliyomuua panya ilizunguka angani miaka mingi ndani ya mabata na mabata bukini bila kufanya kile ambacho wengi walikihofia.

Ili kujua kwa nini, inafaa kuangalia jaribio lenyewe linavyokwenda. Panya hupewa dawa ya usingizi, kisha tone dogo lenye kirusi huwekwa puani, alivute akiwa hajitambui. Kwa kuwa amelala, tone linashuka moja kwa moja mpaka kwenye mapafu. Kila asubuhi hupimwa uzito. Mtu akiugua mafua hupanda joto. Panya hushuka joto. Mtu hukohoa, panya hakohoi. Basi mizani ndiyo inayosema: aliyepoteza robo ya uzito wake huhesabiwa kuwa hatapona, na katika maabara nyingi huuawa bila maumivu kabla hajafa mwenyewe. Hilo linatokana na kanuni za ubinadamu kwa wanyama ambazo Russell na Burch walizipendekeza mwaka 1959, nami naziunga mkono. Ila msomaji ajue kwamba panya waliohesabiwa kuwa "wamekufa" katika ripoti nyingi ni waliofikia kiwango fulani cha mizani. Kiwango hicho si lazima kilingane katika maabara zote, kwa hiyo asilimia za ripoti mbili haziwezi kuwekwa bega kwa bega kama bei za sokoni.

Sasa tazama njia aliyoingilia kirusi. Yule mfanyakazi wa Texas yaelekea alirukiwa na maziwa machoni, au alijigusa kwa mkono uliolowa. Panya alimiminiwa kifuani akiwa usingizini. Kuwafananisha ni kama kumfananisha aliyerashiwa maji na aliyezamishwa kisimani. Halafu mtu yule alimeza dawa mapema, na panya wa kipimo cha ukali hawapewi kitu. Sioni ajabu yoyote katika tofauti ya matokeo yao. Ajabu ingekuwa wangefanana.

Kuna pia suala la milango. Kirusi cha mafua hujishikiza kwenye chembe kupitia asidi ya sialiki, aina ya sukari iliyo juu ya chembe, na ndege wana aina moja ya kifundo chake, binadamu katika pua na koo wana aina nyingine. Njia ya hewa ya panya imejaa aina ya ndege. Ndiyo maana mafua ya binadamu humpita panya, na mafua ya kuku humkamata: kwa upande huu panya yuko karibu na kuku kuliko na sisi. Binadamu tunayo aina ya ndege pia, lakini zaidi iko chini kabisa mapafuni, kama watafiti walivyoonyesha mwaka 2006. Hali hiyo inaeleza mengi kuhusu H5N1 kwa watu: ni vigumu kuipata, na aliyeipata kwa ndani huumia vibaya. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limeripotiwa wagonjwa zaidi ya 900, na karibu nusu walikufa. Hesabu hiyo nayo zaidi ni ya waliofika hospitali. Wenye macho mekundu tu huenda hawakuhesabiwa miaka yote hiyo. Kwa maana hiyo panya hakudanganya kuhusu kinachotokea kirusi kikishafika mapafuni. Alinyamaza kuhusu ugumu wa kufika huko.

Lakini kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, na isiyosemwa sana nje ya maabara, imo ndani ya jeni za panya mwenyewe. Jean Lindenmann, Mswisi aliyegundua intaferoni, protini ya mwili inayopambana na virusi, pamoja na Alick Isaacs mwaka 1957, aliona mwaka 1962 kwamba panya wa ukoo uitwao A2G hawafi kwa mafua yanayowaua wenzao wote. Sababu yake ilikuja kujulikana kuwa jeni ya Mx1, inayotengeneza protini ya kuzuia virusi vya mafua. A2G wanayo nzima. BALB/c, C57BL/6 na wengi wa panya wa maabara wanayo iliyoharibika. Binadamu tunayo ndugu yake, MxA, inayofanya kazi. Kwa maneno mengine, kwa miongo mingi tumekuwa tukipima ukali wa mafua kwa mnyama aliyenyang'anywa mojawapo ya ngao zake muhimu kwa bahati tu ya kuzalishwa ndugu kwa ndugu. Mwaka 2007 Terrence Tumpey na wenzake walijaribu panya waliorudishiwa Mx1 nzima: waliweza kujikinga hata dhidi ya kirusi cha janga la mafua la 1918 na H5N1 kali ya binadamu. Kirusi ni kilekile, panya ni walewale kwa sura, hukumu ikabadilika. Hata kati ya wasio na ngao, ukoo wa DBA/2 hufa haraka mahali ambapo C57BL/6 hustahimili. Ripoti isiyotaja ukoo wa panya haijasema kitu.

Na mnyama yeyote unayemchagua atakupa hukumu yake. Maneno "mafua ya ndege yenye ukali mkubwa" yanayosomwa kwenye taarifa za serikali yana maana moja ya kitaalamu: ukali kwa kuku, kwa kipimo kinachofanywa kwa kuku. Mwaka 2013 China ilipata H7N9, ambayo ilipita kwenye mabanda bila kuku kuonyesha dalili, ikaua karibu watu 4 kati ya kila 10 waliothibitishwa kuugua. Upande wetu, mwanzoni mwa 2017 ndege wa majini walikufa kwenye ufukwe wa Lutembe, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Kirusi kilikuwa H5N8, kikali sana kwa kuku, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Kwa mfugaji wa Masaka hukumu ya kuku ilimtosha: alikuwa amefilisika. Kwa daktari wa Kisumu haikumwambia lolote.

Nisije nikaonekana nambeza panya. Tangu 1997 ametoa majibu ambayo yasingepatikana kwingine kwa usalama na kwa haraka. Mwaka 2005 panya walioambukizwa H5N1 ya Vietnam walitibiwa kwa oseltamivir siku 5, muda wa kawaida wa dawa hiyo, na wengi hawakupona. Waliotibiwa siku 8 walipona zaidi. Hilo ni swali la kulinganisha, na jibu lake linamfaa daktari aliye mbele ya mgonjwa mahututi. Mwaka huohuo Tumpey alipokifufua kirusi cha 1918 ndani ya maabara yenye ulinzi mkali huko Atlanta, mapafu ya panya yalikutwa siku ya nne na kirusi mara 39,000 zaidi ya kirusi cha kawaida alicholinganisha nacho. Namba hiyo haisemi ni watu wangapi wangekufa leo. Inasema kwamba ukali wa 1918 ulikuwa pia ndani ya kirusi chenyewe, wala haukutokana na vita na njaa peke yake, jambo lililokuwa likibishaniwa kwa muda mrefu.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la maziwa. Ng'ombe wa Texas walikuwa wakitoa maziwa mazito ya njano yaliyojaa kirusi, na paka wa mashamba walioyanywa walikuwa wakifa. Mei 2024 kikosi cha Kawaoka katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kiliwanywesha panya maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa. Kesho yake tu manyoya yalisimama na miili ikalegea. Siku ya nne kirusi kilikutwa katika njia ya hewa na viungo vingine, hata kwenye matiti ya panya majike wasionyonyesha. Maziwa yaliyowekwa kwenye jokofu kwa nyuzi 4 yalibaki na kirusi hai kwa wiki kadhaa. Yaliyopashwa moto wa nyuzi 63 kwa nusu saa hayakuwa nacho. Baadaye kikosi hicho kilionyesha kwamba panya anayenyonyesha humwambukiza mtoto wake kupitia maziwa. Hapa hakuna aliyedai kutabiri janga. Swali lilikuwa la jikoni: yanaambukiza au hayaambukizi? Marekani kuna kundi kubwa linalotukuza maziwa mabichi kama tiba, na jibu hili liliwafikia wao kwanza. Sisi tunaoyanunua kwenye dumu na kuyachemsha mpaka yapande kwa ajili ya chai tulikuwa tumeshajibiwa na bibi zetu.

Kwa upande wa chanjo panya amewapa wataalamu matumaini mengi kuliko waliyoyavuna. Chanjo nyingi za H5 humkinga panya vizuri. Mwaka 2006 chanjo ya H5N1 ilipojaribiwa kwa watu nchini Marekani, ilihitaji mikrogramu 90 mara mbili ili zaidi ya nusu tu ya waliochanjwa wapate kingamwili za kutosha, wakati chanjo ya mafua ya kila mwaka hutumia 15 kwa kila aina ya kirusi. Panya wa maabara hajawahi kuugua mafua maishani mwake. Binadamu wa miaka 40 ameshaugua mara nyingi, na mafua ya kwanza ya utotoni huacha alama. Mwaka 2016 uchambuzi uliochapishwa katika Science ulionyesha kwamba waliozaliwa kabla ya 1968 wana kinga fulani dhidi ya H5N1 kali, na waliozaliwa baadaye dhidi ya H7N9, kutegemea mafua yaliyokuwa yakizunguka walipokuwa watoto. Hakuna panya aliye hai maabara aliyezaliwa kabla ya 1968.

Swali la maambukizi ya hewani panya hajui kulijibu kabisa, kwa kuwa akiugua mafua kwa kawaida hapigi chafya, na kwa ujumla hamwambukizi mwenzake wa kizimba cha jirani. Ndiyo maana wataalamu humrudia fereti wa 1933. Mwaka 2011 Ron Fouchier wa Rotterdam na Kawaoka walitengeneza virusi vya H5 vinavyosafiri hewani kati ya fereti, na dunia ikagawanyika: huu ni utafiti au ni hatari? Watafiti walisimamisha kazi hiyo kwa hiari yao kuanzia Januari 2012 kwa mwaka mzima. Kile cha Texas, kilipojaribiwa hivyo, kilipita hewani kwa fereti wachache tu.

Vituo vya kudhibiti magonjwa vya Marekani, CDC, hutumia orodha ya vigezo 10 kupima hatari ya kirusi kipya cha mafua. Maambukizi kati ya wanyama wa maabara ni kigezo kimoja. Vingine vinauliza kuhusu kinga iliyomo katika jamii, mahali kirusi kilipo, wanyama kilichowaingia, watu kilichowapata, dawa zinazokiweza. Ukubwa huo wa nafasi ya maabara naona ni sawa. Gazeti likiandika kwamba kirusi kimeua panya wote, yanayobaki kuulizwa ni ukoo gani, kwa njia gani, kiasi gani, na kimelinganishwa na kirusi kipi. Habari nyingi nilizosoma mwaka 2024 hazikujibu hata moja.

Katika mwaka huohuo idara ya kilimo ya Marekani iliripoti H5N1 kwa panya wa kawaida wa nyumbani katika Roosevelt County, New Mexico. Hawakuwa BALB/c, na hakuna aliyewalaza kwa dawa ya usingizi. Walikuwa wakiishi huko huko.